Wachezaji wangegoma kwa sababu ya marefa? Kisa cha Green Bay, Septemba 2012

Usiku wa Jumatatu, 24 Septemba 2012, uwanja wa CenturyLink, Seattle. Kwa saa za huku kwetu ilikuwa Jumanne, kumeshakucha, watu wako kwenye daladala. Zimebaki sekunde chache mchezo uishe na Green Bay Packers wanaongoza 12 kwa 7. Russell Wilson, kijana aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza na Seattle Seahawks, anapokea mpira, anarudi nyuma, anazungukazunguka kutafuta mtu aliye huru, hamwoni. Basi anaurusha juu kuelekea kona ya eneo la mwisho, ambako kundi la watu linauvizia. Wamarekani pasi ya namna hiyo huiita Salamu Maria, kwa kuwa aliyeirusha hana tena la kufanya ila kusali.

Hii ni futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na mpira wenye umbo la yai. Ukiudaka mpira ndani ya eneo la mwisho la mpinzani umepata tachidauni, pointi sita. Mpira ukidakwa na mpinzani, kazi imekwisha.

Golden Tate wa Seattle alimsukuma beki Sam Shields kwa mikono miwili mgongoni, akamwangusha. Kisha M.D. Jennings wa Packers akaruka juu kuliko wenzake, akaudaka mpira na kuukumbatia kifuani. Tate akapenyeza mkono. Wote wakaporomoka pamoja. Marefa wawili wakakimbia hadi pale, wakatazamana, na kila mmoja akatoa ishara yake: mmoja alinyoosha mikono yote miwili juu, maana yake tachidauni, mwenzake aliipunga mikono juu ya kichwa, maana yake saa isimame. Picha ya watu wawili waliovaa sare moja, wamesimama hatua moja kutoka mahali pamoja, wanasema mambo mawili, ndiyo iliyobaki katika kumbukumbu ya msimu ule. Refa mkuu akaenda kutazama marudio ya video, akarudi, akasema uamuzi unabaki. Packers, ambao wengi wao walishaingia vyumbani, wakaitwa tena uwanjani ili Seattle wapige mkwaju wa pointi ya nyongeza. 14 kwa 12.

Siku iliyofuata ligi yao, NFL, ilikiri nusu. Ilisema msukumo wa Tate ulistahili adhabu, na adhabu hiyo ingemaliza mchezo kwa ushindi wa Packers. Ila msukumo wa aina hiyo, kwa kanuni za wakati ule, haukuruhusiwa kukaguliwa kwa video. Kuhusu mpira wenyewe, ligi ilisema hakukuwa na ushahidi usiopingika wa kuubatilisha uamuzi wa uwanjani kwamba wawili wale waliushika kwa pamoja, na mpira ulioshikwa kwa pamoja ni wa timu inayoshambulia. Matokeo hayabadiliki.

Ndani ya saa hizo chache wachezaji wa Packers walikuwa wanazungumza habari ya kugoma. T.J. Lang, mlinzi wa safu ya mbele, aliandika mtandaoni maneno makali kuhusu ligi, kisha akawaambia wakubwa wampige faini na pesa hiyo wakawalipe marefa halisi. Ujumbe ule ulisambazwa makumi ya maelfu ya mara. Baadaye akakiri hadharani kwamba chumbani kwao walijadili mambo mawili: kutocheza kabisa Jumapili inayofuata, au kuingia uwanjani na kupiga goti katika kila shambulio. Mwenye mpira akipiga goti, shambulio hilo limekufa hapo hapo. Timu inayoongoza hufanya hivyo kumalizia dakika za mwisho. Kufanya hivyo mchezo mzima ni jambo ambalo halijapata kuonekana.

Je, wangeweza? Nadhani jibu ni hapana. Sababu zake zinafundisha zaidi kuliko ile picha ya mikono minne hewani.

Tuanze na wale marefa

Wale hawakuwa marefa wa ligi. Marefa wa NFL, 121 kwa idadi na wenye chama chao, walikuwa wamefungiwa nje tangu Juni. Nasisitiza neno kufungiwa, maana watu wengi hadi leo husema walikuwa wamegoma. Mkataba wao wa hali bora ulikwisha, mazungumzo yakakwama, mwajiri akafunga mlango na kuleta watu wengine. Anayegoma amechagua mwenyewe kutofanya kazi. Hawa walikuwa tayari kuingia kazini.

Ugomvi wao ulikuwa wa pensheni kwanza, mishahara baadaye. Marefa wale walikuwa watu wenye kazi nyingine katikati ya wiki. Ed Hochuli, mashuhuri kuliko wote kwa mikono yake minene, ni mwanasheria. Wastani wa malipo yao mwaka 2011 ulikuwa kama dola 149,000. Walikuwa na pensheni ya mfumo wa zamani, ule ambao mstaafu anajua atapata kiasi gani kila mwezi hadi afe, na ligi ilitaka kuwahamishia kwenye akaunti za akiba ambazo thamani yake hupanda na kushuka na soko. Pia ligi ilitaka kuongeza vikosi vya akiba ili refa anayevurunda aweze kuwekwa pembeni. Hilo la pili, kusema kweli, lilikuwa na mantiki yake. Lakini pengo la fedha lilikadiriwa kuwa milioni chache za dola kwa mwaka, katika ligi iliyokuwa ikiingiza kama dola bilioni 9.

Waliochukua nafasi zao walitoka vyuo vya madaraja ya chini na mashindano ya shule za sekondari. Wale wa vyuo vikubwa hawakuja. Ligi ilishawahi kujaribu mbinu hiyo mwaka 2001, kwa wiki moja tu, na kila mtu akasahau. Safari hii zilipita wiki tatu, michezo 48. Refa mmoja aliondolewa saa chache kabla ya mchezo wa New Orleans Saints baada ya kugundulika mtandaoni kwamba ni shabiki wao. Kocha wa San Francisco alipewa nafasi za kupinga uamuzi ambazo kanuni hazikumpa. Huko Tennessee adhabu moja ilihesabiwa kutoka mstari usio wake, timu ikasogezwa yadi nyingi kuliko ilivyostahili. Bill Belichick wa New England alimshika refa mkono akidai maelezo, akalipishwa dola 50,000. Niseme pia, kwa haki, kwamba miongoni mwao alikuwamo Shannon Eastin, mwanamke wa kwanza kuchezesha mchezo wa msimu rasmi wa NFL. Siku kubwa kama hiyo ikaangukia kwenye fujo za namna hii.

Halafu kuna tukio la Jumapili ya 23 Septemba, siku moja kabla ya Seattle, ambalo nitalirudia. Darrius Heyward-Bey wa Oakland Raiders aligongwa kichwani kwa helmeti na beki wa Pittsburgh, Ryan Mundy. Akaanguka amepoteza fahamu, akatolewa kwa machela. Hakuna refa aliyerusha kitambaa cha njano, ishara ya kosa.

Walichokuwa wamekitia sahihi

Wachezaji wa NFL nao walikuwa wamefungiwa nje mwaka mmoja tu kabla, kuanzia Machi hadi Julai 2011. Walitoka kwenye mvutano ule na mkataba wa miaka 10. Ndani yake, kifungu cha 3, chama chao NFLPA kiliahidi kwamba kwa muda wote wa mkataba hakutakuwa na mgomo, kusimamisha kazi, kupunguza kasi ya kazi, wala kitendo chochote cha pamoja cha kuvuruga shughuli za ligi au klabu. Nao wenye timu waliahidi kutowafungia nje. Ndivyo mikataba ya hali bora ilivyo karibu kila mahali: mfanyakazi anauza haki ya kugoma kwa miaka kadhaa, anapewa mshahara na masharti yasiyoguswa kwa miaka hiyo hiyo.

Kwa hiyo kutokuja uwanjani ni kuvunja mkataba waziwazi. Mahakama za Marekani tangu mwaka 1970 zina uwezo wa kuzuia mgomo wa aina hiyo kwa amri ya haraka, ikiwa mgogoro wenyewe una njia ya usuluhishi ndani ya mkataba. Mawakili wa ligi wangekuwa mlangoni kwa hakimu Jumatano asubuhi.

Na lile goti? Wengi walilipenda kwa sababu lilionekana la ujanja: tumekuja kazini, tumevaa jezi, tumecheza, mnataka nini zaidi? Kwa Kiswahili tuna jina lake, mgomo baridi, na kwenye sheria ya kazi ya Marekani mgomo baridi una hali mbaya kuliko ule wa wazi. Anayegoma waziwazi angalau amekubali kukosa mshahara. Anayebaki kazini, anapokea mshahara na kufanya nusu ya kazi, hana kinga. Mkataba wa 2011 ulitaja kupunguza kasi kwa jina. Zaidi ya hapo, kila mchezaji ana mkataba wake binafsi unaomtaka ajitume kwa uwezo wake wote, na kamishna wa ligi, Roger Goodell, alikuwa na mamlaka mapana ya kuadhibu mwenendo unaoharibu hadhi ya mchezo.

Kuna tatizo jingine ambalo sikuona likizungumzwa sana wakati ule. Timu inayopiga goti mchezo mzima imeamua kushindwa. Sababu iwe nzuri kiasi gani, kwa mtu aliyeweka dau hilo ni tokeo lililopangwa. Usiku wa Seattle peke yake, kwa makadirio ya watu wa biashara hiyo, uamuzi mmoja ulihamisha mamia ya mamilioni ya dola kutoka mfuko mmoja wa wacheza kamari hadi mwingine. Wachezaji waliokuwa wanalalamika kwamba matokeo yameibiwa wangejibu kwa kutoa matokeo bure.

Na wangempa nani? Mchezo unaofuata ulikuwa nyumbani, Lambeau Field, dhidi ya New Orleans Saints. Saints walikuwa wamepoteza michezo yao yote mitatu. Packers wenyewe walikuwa na ushindi mmoja na vipigo viwili. Seattle, walionufaika, wasingepoteza chochote. Hasira ya Green Bay ingelipiwa na Green Bay.

Mlango mmoja uliokuwa wazi kidogo

Sheria ya kazi ya mwaka 1947, inayojulikana kwa majina ya Taft na Hartley, haikuwa rafiki wa vyama vya wafanyakazi. Hata hivyo kifungu chake cha 502 kina sentensi fupi ambayo wachimba migodi wanaifahamu kuliko wanamichezo. Inasema kwamba wafanyakazi wakiacha kazi kwa nia njema kwa sababu ya hatari isiyo ya kawaida mahali pa kazi, kuacha huko hakuhesabiwi kuwa mgomo. Na kama si mgomo, kifungu cha kukataza mgomo hakiwagusi.

Chama cha wachezaji kilikuwa kinaelekea kwenye mlango huu hata kabla ya Jumatatu. Viongozi wake waliwaandikia wenye timu barua ya wazi wakidai marefa warudishwe, na hoja yao haikuwa pointi wala ushindi. Ilikuwa afya na usalama. Mkurugenzi wa chama, DeMaurice Smith, mwanasheria aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka, alijua anachokifanya. Mazingira yalikuwa upande wake. Mwezi Juni mashauri ya wachezaji wa zamani zaidi ya 2,000 kuhusu majeraha ya ubongo yalikuwa yamekusanywa kuwa kesi moja mbele ya mahakama ya Philadelphia. Ligi hiyo hiyo ilikuwa imemsimamisha kocha wa Saints, Sean Payton, kwa msimu mzima, kwa sababu timu yake iliendesha mfuko wa zawadi kwa wanaowaumiza wapinzani. Ukishajitangaza kuwa mlinzi wa afya za wachezaji kiasi hicho, utaelezaje kwamba kazi ya kuzuia mapigo ya kichwa umempa mtu wa mechi za sekondari?

Hoja tamu. Kisha unakutana na kesi ya Gateway Coal, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani mwaka 1974, na utamu unapungua.

Ilikuwa kwenye mgodi wa makaa ya mawe huko Pennsylvania. Hewa iliyokuwa inapita chini ya ardhi ilipungua sana, na wasimamizi wa zamu wakagundulika kuwa waliandika takwimu za uongo kwenye daftari la hewa. Katika mgodi wa makaa, hewa isiyotembea hukusanya gesi, na gesi hulipuka. Kampuni iliwasimamisha wasimamizi, kisha ikawarudisha kazini. Wachimbaji wakasema hawashuki chini ya watu hawa. Wakaacha kazi.

Walishindwa. Mahakama ilisema mgogoro wa usalama nao unapaswa kupelekwa kwa msuluhishi kama mkataba unavyotaka. Kuhusu kifungu cha 502, ilisema imani ya kweli ya mfanyakazi kwamba yuko hatarini haitoshi. Uwepo ushahidi unaoonekana na kupimika kwamba hali ya kazi ina hatari isiyo ya kawaida.

Weka kisa kile juu ya hiki uone vinavyolingana. Wachimbaji hawakuwa wanalalamikia paa linaloanguka. Walikuwa wanawalalamikia watu waliopewa kazi ya kuangalia paa. Hivyo hivyo wachezaji: refa hampigi mtu, refa ni yule anayetakiwa kuwafanya wengine waogope kupiga. Ikiwa watu waliokuwa wanashuka futi mamia chini ya ardhi, na daftari la uongo likiwa mezani kama kielelezo, hawakuikidhi mahakama, wachezaji wenye michezo 48 ya ushahidi wangeikidhi vipi? Wangelazimika kuonyesha kwamba majeraha yameongezeka, na kwamba yameongezeka kwa sababu ya marefa. Isitoshe, wangelazimika kulishinda lile neno "isiyo ya kawaida" katika mchezo ambao kawaida yake ni watu wenye kilo 140 kugongana.

Sisemi wangeshindwa lazima. Kwa refa asiyejua kazi, kila wiki ingeleta ushahidi zaidi, na mwanasheria mzuri angeupanga. Ninachosema ni kwamba kama kungekuwa na mgomo halali, ungejengwa juu ya Heyward-Bey akiwa kwenye machela Jumapili. Mpira wa Jennings wa Jumatatu haukuwa na nafasi humo. Bahati mbaya watu hawakuhamaki kwa Heyward-Bey. Tukio lake lilionyeshwa, likasikitikiwa, likapita. Kilichoiwasha nchi ni ushindi ulioibwa, jambo ambalo sheria haina dawa yake, na ambalo kwa mfanyakazi ni sawa na kusema bosi kanionea mbele ya wateja.

Hapa ndipo naona tofauti na kwetu. Msomaji wa Dar es Salaam atakumbuka 8 Machi 2025, siku Simba walipotangaza kutocheza dhidi ya Yanga kwa madai ya kuzuiwa kufanya mazoezi kwenye uwanja wa Benjamin Mkapa usiku wa kuamkia mechi. Mchezo uliahirishwa, ukaja kuchezwa 25 Juni, Yanga wakashinda 2-0. Katika sakata lile lote waliosema tunacheza au hatuchezi ni viongozi wa klabu. Wachezaji walikuwa wanasubiri taarifa kama sisi. Green Bay kinyume chake: klabu ilitaka mchezo uendelee, na walioanza kunong'ona habari ya kugoma ni wenye miguu yao.

Kumbukumbu ya 1987

Hata sheria ingekuwa rahisi, kulikuwa na historia. Wachezaji wa NFL waligoma siku 57 mwaka 1982 na msimu ukakatwa kutoka michezo 16 hadi 9. Wakagoma tena 1987, wakitaka uhuru wa kuhama klabu mkataba ukiisha. Wenye timu hawakufunga biashara. Walifuta wiki moja, kisha wakaokota wachezaji wengine na kuendelea kwa wiki tatu, televisheni zikionyesha. Mastaa wakaanza kurudi mmoja mmoja. Joe Montana alivuka mstari, Tony Dorsett akavuka, Lawrence Taylor akavuka. Siku 24, mgomo ukafa. Uhuru wa kuhama walikuja kuupata kupitia mahakamani na mkataba wa 1993.

Mbinu iliyotumika 2012 dhidi ya marefa ni ile ile iliyotumika 1987 dhidi ya wachezaji: lete wengine, watazamaji watazoea. Ungetarajia hilo liwape wachezaji huruma kubwa kwa marefa tangu Juni. Haikuwa hivyo. Majira yote ya joto ilikuwa kauli za heshima na mshikamano wa mdomoni. Pensheni ya refa haikumkosesha usingizi mtu anayejua kwamba maisha yake uwanjani, kwa hesabu ya chama chake, ni wastani wa miaka mitatu na nusu. Mchezaji wa kima cha chini mwaka ule alilipwa dola 390,000 kwa msimu, zilizogawanywa kwa wiki 17, yaani kama dola 22,900 kwa wiki. Kukosa wiki moja ni kukosa kiasi hicho, na wengi wao hawakuwa na uhakika wa kuwepo msimu unaofuata. Lang alikuwa na nafasi yake kikosini. Kijana wa mwisho kwenye orodha, anayeweza kukatwa Jumanne yoyote, angepiga goti?

Na kuna rais wa Packers wakati ule, Mark Murphy. Klabu ile haina tajiri mmoja. Inamilikiwa na mamia ya maelfu ya wanahisa wa kawaida, na rais ndiye anayeiwakilisha kwenye vikao vya wenye timu. Murphy alikuwa beki wa Washington na mwakilishi wa chama cha wachezaji katika mgomo wa 1982. Mgomaji wa jana ndiye aliyeketi upande wa mwajiri. Sijui kama kuna mtu nchini Marekani aliyeijua hesabu ile vizuri kuliko yeye, pande zote mbili.

Siasa nayo haikukosa kichekesho. Gavana wa Wisconsin, jimbo la Packers, Scott Walker, alikuwa amepitisha mwaka 2011 sheria iliyowanyang'anya watumishi wengi wa umma wa jimbo lake haki ya majadiliano ya pamoja, maandamano ya Madison yakatikisa nchi, na Charles Woodson, beki wa Packers hao hao, akatoa tamko la kuwaunga mkono wafanyakazi. Asubuhi ya Jumanne ile gavana huyo huyo aliandika mtandaoni akitaka marefa halisi warudishwe. Wanachama wa chama, kila mmoja. Barack Obama naye akaandika. Kwa muda wa saa 48 Marekani nzima ilikuwa inaunga mkono chama cha wafanyakazi bila kulitaja neno hilo.

Jinsi ilivyoisha

Kocha Mike McCarthy aliwataka wachezaji wake waliache jambo lile. Kwotabeki wao, yaani mrushaji mpira, Aaron Rodgers, alitumia kipindi chake cha redio kuwaomba radhi mashabiki, akisema anafanya kile ambacho ligi haitakifanya. Nadhani msamaha ule uliiuma ligi kuliko goti lolote, kwa sababu haukuvunja kifungu chochote. Huwezi kumpeleka mtu mahakamani kwa kuomba radhi.

Usiku wa Jumatano, 26 Septemba, makubaliano yalitangazwa. Mkataba wa miaka minane. Wastani wa malipo kupanda hadi dola 173,000 mwaka 2013 na dola 205,000 ifikapo 2019. Pensheni ya zamani kubaki kwa waliopo hadi msimu wa 2016, baada ya hapo akaunti za akiba. Ligi ikapata haki ya kuajiri baadhi ya marefa wa kudumu. Marefa wakaupitisha kwa kura 112 dhidi ya 5.

Wapo waliosema tishio la Packers ndilo lililofungua mlango. Siamini. Mazungumzo yalikuwa yakiendelea kabla ya mchezo wa Seattle, na pande zote zilikuwa zimesogeleana. Usiku ule uliharakisha, naam, lakini kilichoharakisha ni televisheni: mchezo wa Jumatatu usiku, watazamaji mamilioni, na ligi inayouza bidhaa yake kama mashindano halali ikionekana haiwezi kusema nani kaudaka mpira. Maneno ya Lang yalikuwa moshi wa moto ule ule. Ligi ilijua, kama NFLPA ilivyojua, kwamba mgomo hauko karibu. Ndiyo maana, nadhani, chama hakikuwatuliza wachezaji wala kuwachochea. Kiliwaacha waseme, kikashikilia barua yake ya usalama, kikangoja.

Alhamisi, 27 Septemba, marefa halisi waliingia uwanjani Baltimore kwa mchezo wa Ravens na Cleveland Browns. Watazamaji walisimama kuwapigia makofi. Marefa! Jumapili ikawa vivyo hivyo Lambeau Field. Kisha mchezo ukaanza, na ilipofika robo ya mwisho Darren Sproles wa Saints aliponyokwa na mpira akirudisha mkwaju, Packers wakauokota. Marefa halisi, wenye pensheni yao, wakasema Sproles alikuwa ameshaangushwa. Marudio yalionyesha vingine, ila Packers walikuwa wamemaliza nafasi zao za kupinga. Lambeau ikawazomea wale wale iliowashangilia saa tatu kabla. Packers walishinda hata hivyo, 28 kwa 27.

Walimaliza msimu na ushindi 11 na vipigo 5. San Francisco walipata ushindi 11, vipigo 4 na sare moja, wakawa juu yao kwa nusu mchezo. Kwa hiyo wao ndio waliopumzika wiki ya kwanza ya mtoano na kuwasubiri wageni nyumbani. Kama mpira wa Jennings ungehesabiwa kuwa wa Jennings, Packers wangekuwa na 12 na wao ndio wangepumzika. Tarehe 12 Januari 2013 walisafiri hadi San Francisco na kufungwa 45 kwa 31.